Nukta ya Kijani na Maziwa ya Makarius

Saa nne asubuhi matiti yalimjaa Benigna mpaka blauzi ikalowa. Hakuinuka. Alikuwa akiandika taarifa za mahindi ya wakulima wa Maposeni, lakini macho yalikuwa kwenye nukta.

Kila kompyuta ya ofisi ilionyesha orodha ya majina ya wafanyakazi, kila jina na nukta yake. Ukibonyezabonyeza, nukta ya jina lako ni ya kijani. Ukiacha dakika tano, inakuwa njano. Nukta ya Noela, wa chumba cha pili, haikuwa njano hata siku moja.

"Huyu hata chooni haendi?" Benigna aliwaza. Alimwonea wivu. Siku hizi alikunywa chai kwa mkono mmoja, mwingine ukitikisa mausi ya kompyuta ili nukta isigeuke.

Jioni, nyumbani Lizaboni, mwanawe Makarius wa miezi saba alinyonya, akaachia, akalia. Jirani yao Mama Ashura, nesi wa kliniki, alikuwa amekaa nao.

"Mama Maka, mwezi huu uzito wa mwanao haukupanda. Mtoto asiponyonya, maziwa yanapungua. Kwani kazini hupewi saa mbili za kunyonyesha? Ni sheria."

"Napewa, mama."

"Sasa nani anakuzuia?"

Hakuna aliyemzuia. Alijizuia mwenyewe.

"Nikitoka, Noela atanipita."

"Atakupita kwenda wapi?"

Kesho yake Benigna alikwenda kumwona huyo bingwa. Kiti kilikuwa kitupu. Nukta ilikuwa kijani. Juu ya kibonye kimoja cha kompyuta kulikuwa na kijiko cha chai, kimekilalia ili kibonyezwe muda wote.

Noela aliingia na kitumbua mkononi, akaganda.

"Shoga, usiniseme! Una mtoto mdogo, na bado unakaa mezani kutwa nzima. Nikaona wivu. Nikasema huyu atanifukuzisha kazi!"

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuonea wivu wewe!"

Walicheka mpaka bosi wao, Mathias, akachungulia. Wakamweleza yote.

"Nukta hiyo inanisaidia kujua nani yupo nikitaka kumpigia," alisema. "Kazi yenu naipima kwenye taarifa. Na juzi, Benigna, magunia ya kijiji cha Mpitimbi uliyaandika ya Maposeni."

Benigna aliinamisha kichwa. Mathias akawaonyesha namna ya kuificha orodha. "Na saa zako za mtoto, zitumie."

Saa nne ilipofika, Noela alimsukuma mlangoni. "Nenda bwana, simu zako nitapokea mimi."

Mwezi uliofuata, mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ya Makarius ulipanda. Taarifa za Benigna hazikuwa na makosa tena. Na kila saa nne nukta yake iligeuka njano, mtoto akiwa kifuani, mdomo umejaa.