Mgeni Asiyekunywa

Inzi ndio waliomtambua wa kwanza. Kiangazi hicho, kwenye kisima cha injini nje ya Kutulo, inzi walikuwa kila mahali, machoni mwa watoto na midomoni mwa ngamia, lakini bwana aliyefika asubuhi akiwa na koti la kaki na fimbo mkononi hakutuliwa hata na mmoja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini bila kukaribishwa. Alinuka kidogo, kama nywele zilizoungua.

Bulle, mwendesha injini, alimwekea kikombe cha maziwa ya ngamia. Huko kwao mgeni haulizwi jina wala safari yake kabla hajanywa. Kumuuliza mapema ni sawa na kumfukuza. Mgeni akashukuru kwa Kiswahili cha ofisini, akakiweka kikombe chini, hakunywa. Basi nani angemuuliza ametumwa na nani? Walitazama koti, wakajijibu wenyewe: serikali.

Haba na haba hujaza kibaba, naye alijaza chake polepole. Kwanza aliagiza foleni inyooke, wakainyoosha. Kisha akataka kila anayepita mbele yake avue viatu. Walinung'unika, wakavua, mchanga ukawachoma nyayo. Kila alipoagiza aliongeza kwa upole kwamba lawama ni yake, wao watii tu.

Kesho yake alinyoosha fimbo kumwelekea Istahil, dada yake Bulle, aliyembeba mgongoni bintiye mchanga Naimo, mgonjwa wa kuhara. Mama huyu asipewe maji, alisema, mpaka shauri lake limalizike. Shauri gani, hakusema. Watu wakajitenga naye haraka, na wengine, wanafiki wakubwa, wakaanza kukumbuka makosa yake ya zamani, maana serikali haimnyooshei mtu fimbo bure.

Istahil alipofika na mtungi, Bulle alimwambia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali, ili mgeni asikie. "Bole, abaayo, dada yangu. Si mimi, ni serikali. Mimi nafunga mfereji tu."

"Mtoto hana machozi tena, Bulle. Hiyo mkono ni yako."

"Funga," alisema mgeni. "Nitajibu mimi."

Bulle akaufunga mfereji.

Mchana ule harufu ya nywele zilizoungua ilizidi, ikaingia kwenye nguo na kwenye mate, na injini iliyokuwa imezimwa ikaendelea kunguruma chini kwa chini ardhini, na kilio cha Naimo kikawa chembamba, kikakatika, kikarudi, na watu wote wale waliosimama peku na mitungi iliyojaa miguuni mwao walikisikia, na hakuna hata mmoja aliyechota kikombe kimoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa achote. Naona aibu kuwasimulia.

Alasiri akatokea Sheikh Mursal, mtoa majini kutoka Elwak, akiwa safarini. Ngamia wake alikataa kukisogelea kisima, akapiga magoti njiani. Sheikh akatembea mwenyewe hadi kivulini. Aliyaona maziwa ya jana, hayajaganda, hayana inzi. Akaitupa desturi kando.

"Wewe ni nani?"

Sheikh akaanza Ayatul Kursiy, na kila sauti yake ilipopanda mgeni alinywea ndani ya koti, lakini alikuwa akicheka.

"Nimemgusa nani?" aliuliza taratibu. "Mfereji ni wa chuma, na sisi hatushiki chuma. Mimi nilisema tu."

Koti likaanguka kitini, tupu. Sheikh akatangaza kwamba jini ametoka, na watu wakamshukuru Mungu, wengine wakilia kwa furaha.

Istahil hakulia. Alimshusha mtoto mgongoni, akamfunika uso kwa shuka, kisha akaja na birika mkononi kwa kaka yake.

"Nipe maji ya kumuosha."

Bulle alimpenda mtoto yule, alimwimbia jioni nyingi. Akaushika mfereji kwa mikono miwili. Ndipo, kabla hajaufungua, akageuka kukitazama kiti chenye koti, akangoja aambiwe. Nyuma ya Istahil foleni ilikuwa imenyooka, na hakuna aliyekuwa amevaa viatu.

"Ngoja kidogo, abaayo," alisema.