Waliokwenda Kuutazama Mji

Zulekha alipeleka mkono kitandani kuchukua kanga, mchana kweupe, akakuta upande wa ukutani una joto. Siyo joto la Dar, hilo sote tunalijua. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Na chumbani mle, katika nyumba waliyopanga Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, hakulala mtu. Mumewe Bakili, fundi wa kutengeneza cherehani, alikuwa kazini tangu asubuhi. Mto ulinuka udi, na Zulekha tangu ashike mimba hii hafukizi udi, akiusikia tu anatapika.

Akakaa sakafuni akalia. Mimba mbili zilikwisha kumtoka ndani ya chumba hicho, na kila mara ilianza hivihivi, joto kitandani na udi usio na mfukizaji. Ya sasa ilikuwa na miezi mitano. Hospitali walisema hana tatizo. Bi Kijakazi, mama mwenye nyumba, alimwambia bila kupepesa macho: "Mwanangu, mumeo ana mwenzio. Jini mahaba huyo, hataki kuona mtoto wa mwanamke mwingine. Hameni."

Kuhama sawa, lakini wapi? Bakili akataja Kilwa Masoko, kwa babu zake, ingawa mwenyewe hakuwahi kuishi huko. Zulekha, mzaliwa wa Kariakoo, akaguna. Mji mdogo! Giza likiingia watu wamelala, ukikohoa jirani anakuuliza umekunywa dawa gani.

"Hospitali ipo?" aliuliza kwa kunong'ona, maana siku hizo walinong'ona hata mchana, huyo jini asiwasikie.

"Ipo."

"Na kazi je? Cherehani zenyewe ziko ngapi huko?"

"Niache nikautazame kwanza. Ukiwa mzuri nakuja kukuchukua, mtoto azaliwe huko."

Bi Kijakazi alimuonya Bakili atoke kimyakimya, asiage mtu. Wanaume bwana! Asubuhi ya safari, begi begani, akasimama kwenye korido, mbele ya milango ya wapangaji wote, akapaza sauti: "Haya jamani, naenda kuutazama mji! Anayetaka twende, nafasi ipo!"

Wapangaji wakacheka. Mlango wa chumba chao, ambao Zulekha alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, ukafunguka taratibu, na harufu ya udi ikapita katikati yao ikaelekea nje.

Tangu hapo kitanda kikawa baridi. Zulekha alilala, jamani, alilala mpaka jua likamkuta. Akala wali akaomba tena. Mtoto akawa anacheza tumboni, na mama mtu akaanza kujiuliza kama kuna haja ya kuhama kweli.

Alasiri moja simu ikalia. Alikuwa uani na Bi Kijakazi wakichambua mchele, nje wasukuma mikokoteni wanapiga kelele, akaweka sauti kubwa ili asikie.

"Mama watoto, mji mzuri!" Bakili alikuwa na furaha. "Hospitali iko jirani, maji yanatoka, cherehani mbovu tele na fundi hakuna. Nyumba nimepata. Watu wakarimu, ila wana utani wao siuelewi."

"Utani gani?"

"Nikienda kula, mama ntilie ananiwekea sahani mbili. Na mwenye nyumba ameniuliza mbona mkeo hali, mbona hajibu salamu. Nikamwambia mke wangu yuko Dar. Akanicheka, eti, kijana, sasa huyo anayesimama nyuma yako kila ukipiga simu ni nani?"

Ungo ukamponyoka Zulekha. Akili yake ikawa inakwenda huku na huku, kwamba kitanda kilipoa kwa sababu hiyo, kwamba usingizi wote ule mtamu aliolala ulikuwa usingizi wa mtu ambaye mke mwenzake yuko safarini, na kwamba mumewe, baba wa mtoto huyu, analala kule pembeni ya kitu ambacho mji mzima unakiona isipokuwa yeye.

Bi Kijakazi akaifunika simu kwa kiganja. "Kamkaribisha mwenyewe," alinong'ona. "Akirudi, anarudi naye."

"Nikimfuata?"

"Utamkuta huko."

"Bi Kijakazi, nampenda mume wangu."

"Najua, mwanangu. Na mtoto je?"

Mtoto akageuka tumboni. Zulekha akaitwaa simu.

"Bakili, huo mji ni mzuri kweli?"

"Mzuri, nakwambia. Nije kukuchukua lini?"

"Usije."

"Unasemaje?"

"Kaa huko huko, mume wangu. Usirudi Dar. Nakuomba kwa jina la Mungu, usirudi." Alikuwa analia waziwazi sasa, na mtu wa kumfuta machozi ni Bi Kijakazi tu.

Upande wa pili ikaja sauti ya mwanamke, ya adabu, karibu na simu kuliko Bakili mwenyewe.

"Ahsante, mke mwenzangu," ilisema. "Ukijifungua nitakuja kumpakata mtoto."