Mbwa Aliyerudishwa

Desemba yote mume wangu Wade alikuwa akigawa vitu. Vifaa vya kuvulia samaki alimpa kaka yake. Sanduku la zana alimpa jirani. Mimi mkewe, Kerrin, nilifurahi. Gereji yetu hapa Townsville, Australia, ilikuwa imejaa takataka tangu alipoacha jeshi miaka minne iliyopita. Nikajisemea, hatimaye mwanamume huyu anafanya usafi. Mjinga mimi.

Jumamosi moja akampeleka mbwa wetu, Biskuti, kwa Sista Glenys, muuguzi wa nyumba ya pili. Mchana uleule Sista akaja na Biskuti, amemshika kamba. Wade alikuwa uani akichoma soseji. Sista akanivuta jikoni.

"Kerrin, mbona Wade ananipa mbwa?"

"Anasema unaishi peke yako, Sista. Upate mwenzio."

"Anampenda mbwa huyu kuliko anavyokupenda wewe."

"Hilo mtaa mzima unalijua," nikacheka.

Yeye hakucheka. Sista Glenys amekuwa muuguzi miaka thelathini na sita. Alianza kwa kutandika vitanda, akafika kuwa muuguzi mkuu wa wodi. Badala ya kustaafu, amejiunga na tume ya serikali. Tume hiyo inachunguza kwa nini wanajeshi wetu wengi wanajiua baada ya kurudi nyumbani. Kutwa anasoma mafaili yao.

"Umemuuliza hali yake?"

"Kila siku. Namuuliza, 'Uko sawa?' Anasema, 'Niko sawa.'"

"Neno hilo nalikuta karibu katika kila faili." Akakaa. "Hata mimi nimeliandika. Nilikuwa na mgonjwa, koplo mmoja, Tully. Siku ya kumruhusu nikamuuliza, 'Uko sawa?' 'Niko sawa, Sista.' Nikaandika hivyo, nikatia sahihi. Siku ya nane alikuwa amekufa. Sikumuuliza, Kerrin. Nilimwekea jibu mdomoni."

Nikamtazama Biskuti na kamba yake.

"Mtu akigawa anachokipenda, huenda anaaga," akasema. "Kamuulize waziwazi."

"Nikimtajia, si nitamtia wazo?"

"Hapana. Kama halipo, atakwambia halipo. Kama lipo, amelibeba peke yake. Usimgombeze. Uliza, halafu nyamaza usikilize. Na usimwache peke yake."

Nikatoka kwenda uani.

"Wade, unafikiria kujiua?"

Akaendelea kugeuza soseji. Zikaanza kuungua. Nilitamani kuyameza maneno yangu, lakini nikanyamaza.

"Ndiyo," akasema. "Tangu Oktoba."

Nikamshika mkono. "Asante kwa kuniambia."

Sista akatoka na Biskuti. Wade akamtazama. "Sista, mbwa si nimekupa?"

"Kanitafunia kiatu. Chukua shetani wako."

Wade akacheka kidogo, kisha akalia. Katika miaka kumi na saba ya ndoa sikuwahi kumwona akilia.

Palepale Sista akapiga simu ya msaada wa wanajeshi wa zamani, Wade akisikia kila neno. Vitu vyote vya hatari akavitoa nyumbani kwetu. Halafu tukaenda hospitali sote watatu.

"Uko sawa?" daktari akamuuliza Wade.

Sista akakohoa. Daktari akauliza upya, safari hii waziwazi.

Sasa ni Mei. Wade anaendelea na matibabu. Bado kuna siku hainuki kitandani, na bado nauogopa ukimya wa nyumba. Sista naye alisimama mbele ya tume kutoa ushahidi. Akalitaja jina la koplo Tully, akalitaja na lake mwenyewe, muuguzi aliyetia sahihi. Mama yake koplo alikuwa ameketi safu ya mbele. Hakumsamehe. Lakini sasa fomu ya wodi ya zamani ya Sista ina swali lenyewe la kujiua, bila kuzunguka.

Kwetu hatuulizani tena "Uko sawa?" Asubuhi namuuliza, "Leo ikoje?"

Jana alijibu, "Mbaya, Kerrin. Usiende kwanza."

Nikaweka mkoba chini, nikakaa. Biskuti akapanda kitandani, akatulalia miguuni. Nilichelewa kazini, na nilishukuru kwamba alisema.