Siti ya Nyuma Ina Joto

Pikipiki ilikuwa imekaa stoo miaka saba, nyuma ya magunia ya mkaa, na siku mama wa nyumba alipoivua turubai alikuta siti ina joto. Si yote. Nusu ya mbele ilikuwa baridi, vumbi tele. Nusu ya nyuma ilikuwa kama kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi.

"Paka," alisema, akaendelea kusogeza magunia.

Hakuwa na nafasi ya kufikiria zaidi. Jumatatu alitakiwa aanze kazi zahanati, kuzungukia wajawazito wanaokaa mbali, na sharti lilikuwa moja tu: uwe na chombo chako kinachotembea. Akikikosa, angerudi kufua nguo za watu mpaka vidole vimwishe.

"Nilikwambia imekufa," mumewe alisema kutoka barazani, kijiti cha meno mdomoni. Mtaani walimwita Bosi, kwa kuwa tangu aache kubeba abiria hakuna aliyemwona akifanya kazi. "Injini ilizimika yenyewe siku ile ya mvua. Mpe muuza vyuma chakavu."

"Wewe pumzika, baba. Umechoka kukaa."

Fundi alikuwa mdogo wake mama, wa kumfuata. Alimwaga petroli iliyochacha, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, oili, cheni na tyubu zote mbili. Kufika Jumamosi mchana alikuwa anakuna kichwa.

"Dada, nani alisema hii imekufa? Injini nzima kabisa. Hii ilifichwa tu."

"Shemeji yako."

"Shemeji hata baiskeli hawezi kuijaza upepo." Kisha akashusha sauti. "Ila njoo uone. Vikanyagio vya abiria nikivikunja, nikigeuka viko chini. Mara nne sasa. Na shokomzoba za nyuma hazina ubovu, lakini zimebonyea kama pamekaa mtu."

Mama akavikunja kwa mguu wake mwenyewe, akageuka kuchukua spana. Nyuma yake: klik, klik. Ikaja harufu ya nguo iliyolowa na tope, na nje jua lilikuwa linachoma.

Kwa kiki ya tatu injini ikaunguruma. Barazani kiti kikaanguka. Bosi alikuwa amekimbilia ndani na kutia komeo.

"Naenda kuijaribu," mama alisema.

"Dada, niache niite mtu aisomee dua kwanza."

"Jumatatu haimsubiri mtu."

Alipita kona ya kwanza pikipiki ikiwa nzito nyuma, akajiambia ni tairi, akapita ya pili na mikono miwili ikamshika kiunoni, taratibu, kama abiria mwenye adabu zake, mikono ya baridi iliyomlowesha blauzi mpaka ngozini, na hakuthubutu kugeuka wala kupiga kelele, kwa sababu njia nzima ilikuwa na watu na hakuna aliyeshangaa, isipokuwa mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake aliyepunga mkono, na hakumpungia yeye, bali aliyekuwa nyuma yake, mpaka walipofika kwenye daraja dogo la mto, ndipo akagongwa begani mara mbili, kama anavyogonga mtu anayetaka kushuka.

Akasimama.

"Wewe nani?"

"Abiria." Mnong'ono ulikuwa sikioni, na maji yakamdondokea shingoni. "Niliangukia hapa, mto umefurika. Nilimwita kaka dereva. Aligeuka, akaniona nimeshika jiwe, akaondoka. Kwetu hawajui nilipo."

Hofu ikampungua mama, na mahali pake pakaingia kitu alichokizoea zaidi. Miaka saba alikuwa amempa pole mumewe kwa kufiwa na injini.

"Shika vizuri," alisema. "Nakupeleka kwake."

Walipofika, vikanyagio vikajikunja vyenyewe. Shokomzoba zikainuka. Nyayo za maji zikapanda baraza moja moja, komeo likafunguka kwa ndani, na Bosi akalia kama mtoto aliyeungua.

Jumatatu asubuhi alikuwa bado kwenye kochi, amejibana upande mmoja. Upande wa pili mto wa kukalia ulikuwa umebonyea, unavuja maji.

"Mama watoto," alinong'ona bila kugeuza shingo. "Mwite mganga."

"Mganga wa nini? Kwao amekutajia mwenyewe. Nenda ukawaambie alipoangukia, ataondoka."

"Watanifunga."

"Basi kaeni."

Nje pikipiki ilikwisha kuwaka kwa kiki moja, nyepesi, inamsubiri. Mama alivaa kofia ngumu, akafika mlangoni, akasita. Akarudi na tambara, akainama kufuta nyayo za maji sakafuni, maana katika nyumba ile hakukuwa na mwingine ambaye angezifuta.

Bosi akainua miguu ili apite, kama alivyozoea. Mgeni ndiye aliyesema asante.