Njia Panda ya Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Sisimizi alikuwa na kazi mbili: kukung'uta matope kwenye viatu vya mama yake na kumchongea penseli. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu tangu utotoni hakupenda kutembea mikono mitupu. Lazima abebe kitu.

Mama alikuwa msoma mita za maji. Kutwa nzima alizunguka nyumba hadi nyumba akifunua vifuniko, akipangusa vioo vya mita na kuandika namba kwenye daftari refu. Siku tatu kwa wiki, akitoka kazini, alibadilisha viatu akaenda chuoni kusoma hisabati.

"Hisabati yetu si ya kupima," alimweleza Sisimizi. "Maji unayapima, maana hayana moja wala mbili. Lakini watu, nyumba na njia unavihesabu kimoja kimoja. Sisi tunasoma vitu vya namna hiyo, na jinsi vinavyoungana."

"Kwa hiyo mchana unapima, jioni unahesabu?"

"Na usiku nakoroma. Umenielewa vizuri sana."

Mama alicheka, lakini Sisimizi alijua kwamba somo hilo lilimnyima raha. Mwaka uliopita alikuwa ameshindwa mtihani wake. Barua ya chuo ilibandikwa kwenye mlango wa kabati, na Sisimizi alikuwa ameisoma mara nyingi hadi akaikariri: akishindwa tena, nafasi yake atapewa mwingine.

Ndipo mhadhiri alipotoa kazi ya kufanyia nyumbani. Kila mwanafunzi achore mtaa wake, njia panda iwe nukta na njia iwe mstari. Kisha atafute kama mtu anaweza kupita kila njia mara moja tu bila kurudia hata moja. Njia zinazotoka nje ya mtaa hazikuhesabiwa. Kabla ya kuchora, ilibidi kusimama kwenye kila njia panda na kuhesabu njia zilizokutana hapo.

"Kazi imenijia mimi hii!" mama alisema, macho yakimng'aa. "Nani anaujua mtaa huu kwa miguu kunishinda? Njia panda ni kumi na nne. Saba zangu, saba zako. Zako ziko upande wa shule. Utanisaidia?"

"Nipe hata kumi," Sisimizi akajibu kwa majivuno.

Kesho yake, baada ya masomo, alizunguka na rafiki yake, mvulana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Njia panda sita walizimaliza upesi. Ya saba, ambayo katika orodha ya mama ilikuwa ya kumi na nne, ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Walipokaribia kona, Sisimizi alisikia mnyororo ukiburutwa juu ya mawe. Kra, kra, kra. Akasimama.

"Ndiye yule mbwa," Redio alinong'ona. "Alimrukia fundi umeme, suruali ikabaki kaptura. Fundi mwenyewe mpaka leo anapitia barabara kubwa."

"Acha kunitisha, wewe."

"Basi tangulia, mimi niko nyuma yako. Nyuma kabisa."

Sisimizi aliinua mguu, lakini mguu ulikataa. Mnyororo ukalia tena, sasa karibu zaidi, na wote wawili wakatimua mbio bila kuulizana. Walipofika dukani wakihema, Redio alisema, "Andika tatu. Njia panda karibu zote ni tatu. Nani atajua?"

Sisimizi aliandika tatu. Namba ilitoka nzuri kuliko zote kwenye ukurasa.

Jioni hiyo mama aliipokea karatasi kama zawadi. "Umefika zote saba?"

"Ndiyo, mama."

Mama alijumlisha. Akafuta, akajumlisha tena. "Arobaini na tatu," alisema polepole. "Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?" Sisimizi aliuliza.

"Kila njia ina ncha mbili, mwanangu. Tumeihesabu ncha hii, na tumeihesabu ncha ile. Basi jumla lazima igawanyike kwa mbili. Ni kama watu wanaopeana mikono. Kila mkono umeshika mwenzake. Hapa upo mmoja umebaki hewani, haukushika kitu." Akamtazama. "Zako una uhakika nazo?"

Moyo wa Sisimizi uligonga mbavu kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. "Nina uhakika."

"Basi kosa ni langu," mama akasema.

Sisimizi akachukua penseli ya mama akaichonga, ingawa tayari ilikuwa na ncha kali. Siku ya pili mama alitoka kazini, na badala ya kupumzika akazizunguka njia panda zake saba upya. Siku ya tatu akazizunguka tena, mvua ikimnyeshea. Alirudi miguu imevimba, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Jumla ilikuwa ile ile. Sisimizi alimletea taulo bila kumtazama usoni. Kila mlango ulipobishwa alishtuka, akidhani Redio amekuja kusema. Hata darasani, alipofumba macho, aliona mkono umenyooka hewani, ukimtafuta.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni akikung'uta viatu. Kazi ilitakiwa kukusanywa kesho yake. Mama alikuja akasimama mbele ya barua ya kabatini.

"Barua hii haikukosea," alisema kwa sauti ndogo ambayo Sisimizi hakuwahi kuisikia. "Mtu anayeshindwa kujumlisha namba kumi na nne anatafuta nini chuoni? Leo nitamwambia mhadhiri naacha. Afadhali nijitoe mwenyewe kuliko kutolewa."

Kiatu kilimponyoka Sisimizi mkononi. Aliogopa kuliko alivyoogopa mnyororo. Alitaka kukimbia, lakini safari hii hapakuwa na pa kukimbilia, maana kilichomtisha kilikuwa ndani yake.

"Mama, si wewe," alisema, na machozi yakamtangulia. "Ya kumi na nne sikufika. Kuna mbwa. Niliandika tatu tu, nikasema nimefika."

Mama aligeuka akaipa barua kisogo.

"Siku mbili umeniangalia nikizunguka," alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama alifungua mkoba wake akatoa daftari refu la kazini, akalifunua mbele ya binti yake. Pembeni mwa safu ya namba kulikuwa na safu nyingine, imeandikwa juu yake: SIKUFIKA. Sisimizi alisoma kwa mwandiko wa mama. *Mbwa. Geti limefungwa. Mbwa. Kifuniko kimezama matopeni. Mbwa.*

"Wewe pia unaogopa mbwa?" Sisimizi aliuliza kwa mshangao.

"Miaka tisa nasoma mita, na nikisikia mnyororo mpaka leo narudi nyuma. Kwa hiyo naandika sikufika, na kesho tunakwenda wawili. Neno hilo si la aibu, Sisimizi. Ukiandika sikufika, watu wanajua pa kurudi. Ukiandika namba ya uongo, umepafunga mahali pale, na wenzako watatafuta kosa kila mahali isipokuwa lilipo. Mimi nililitafuta kichwani mwangu." Alimfuta machozi kwa kiganja. "Haya, vaa viatu. Tunakwenda wawili."

Walikwenda wameshikana mikono, na viganja vyote viwili vilikuwa na jasho. Kwenye kona ya kiwanda mnyororo ulilia, kisha mbwa mkubwa mweusi akaruka akibweka. Mnyororo ulimvuta nyuma akiwa bado hatua tano kutoka kwao. Sisimizi alijibanza ubavuni kwa mama, lakini hakurudi nyuma.

"Dada, simameni hapo hapo!" mlinzi wa kiwanda alipaza sauti akitoka kibandani. "Mnataka nini huku?"

"Tunahesabu njia tu, mzee wangu."

"Njia? Siku hizi hadi njia zinaibiwa?" Mlinzi akamfupishia mbwa mnyororo. "Basi hesabuni, ila msiniachie pungufu."

Sisimizi alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Kisha, kati ya ukuta na rundo la magome, akaona kinjia chembamba kilichotokea nyuma ya zahanati. Ncha yake ya upande wa pili mama alikuwa ameihesabu kitambo.

"Nne, mama! Ni nne!"

Mama aliandika karatasi ikiwa juu ya goti lake. "Arobaini na nne," alisema, akashusha pumzi ndefu. "Mkono umepata mwenzake."

Ijumaa kazi ilikusanywa. Mama alionyesha kwamba katika mtaa wao haiwezekani kupita kila njia mara moja tu, akaeleza na sababu. Mwisho wa muhula matokeo yake ya kufaulu yalibandikwa kabatini, juu kabisa ya ile barua.

Wiki hiyo hiyo, shuleni, mwalimu alitoa maswali sita ya hesabu. La tano lilimshinda Sisimizi. Redio alimsogezea daftari lake chini ya dawati. "Nakili haraka. Nani atajua?"

Sisimizi alilisukuma daftari likarudi. Moyo ulimdunda, lakini alishika penseli akaandika kwa herufi kubwa: SIKUFIKA HAPA.

Mwalimu alipopita alisimama, akasoma, akavuta kiti akaketi kando yake.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Sasa najua pa kuanzia kukufundisha."