Nilisubiri Bei Ishuke, Ziwa Likapanda

"Bei ikifika chini kabisa, utajuaje kwamba hapo ndipo chini?"

Mama aliniuliza hivyo huku akichambua dagaa kwenye ungo, na mimi, mhitimu wa uchumi, nikacheka tu...

Nina miaka ishirini na tisa, mtoto pekee wa mama yangu. Yeye alikuwa muuguzi. Alitoka Njombe akiwa msichana, akapangiwa kazi Kigoma, akabaki. Tangu nizaliwe tuliishi kwenye nyumba ya serikali, na mtumishi akistaafu, nyumba hiyo anairudisha. Kwa hiyo kiinua mgongo chake kilikuwa na kazi moja tu: kumpatia mahali pa kuzeekea.

Nyumba aliyoitaka ilikuwa Buzebazeba. Vyumba vitatu, maji ndani, na majirani wanaomjua, kwani nusu ya watoto wa mtaa ule wamezaliwa mikononi mwake. Mwenye nyumba, Mzee Rajabu, muuza mawese aliyekuwa akihamia kwa mwanawe Tabora, alimpunguzia bila kuombwa. Mama alikuwa tayari siku ileile.

Mimi ndiye niliyekataa!

Tangu chuoni nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu. Niliona mradi mkubwa wa ujenzi pale mjini umekwisha, wageni waliokuwa wakipanga wameondoka, na vibao vya "inauzwa" vimejaa kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga. Nikamwambia Mama bei zinapoa, anayenunua sasa ananunua hasara. Tusubiri. Mzee Rajabu alikuja mara mbili. Mara ya pili alisema, "Msomi, mimi nina safari. Siwezi kukaa hapa mpaka somo lako liishe." Mwezi wa tatu akamuuzia mwalimu mmoja.

Je, nilijifunza? Wapi! Bei kweli zilishuka kidogo, nikajiona nabii. Nikakataa nyumba ya pili, nikakataa ya tatu. Mama akarudisha funguo za serikali, akapanga chumba kimoja, makabati yake yakabaki kwenye baraza za watu yakinyeshewa. Waliomjua wakaanza kuuliza kama pesa zake zimeliwa.

Hapo aibu ikaanza kunisukuma. Nilitaka tupate nyumba, ndiyo... lakini zaidi nilitaka ionekane kwamba sikukosea.

Mwezi wa kumi dalali akatupeleka Bangwe. Nyumba mpya, bati la rangi, bei imeshushwa mara tatu. Nilihesabu mwenyewe hatua kutoka ukutani hadi majini: sabini. Nikamhoji dalali, nikamhoji mwenyekiti wa mtaa, nikagonga kuta. Muuzaji, mjane aitwaye Bi Zuhura, alikaa kimya muda wote. Nikadhani ni uchungu wa kuhama. Jioni ile nikawatangazia ndugu na marafiki kwamba nimepata!

Kwetu, karatasi ya mauziano hutaja majirani wa pande zote nne, nao husaini kama mashahidi. Tulipofika upande wa magharibi, dalali aliandika "ziwa".

"Jirani huyu hana ugomvi wa mpaka," nikatania.

"Wala hadai soda ya kusaini," dalali akajibu, watu wakacheka.

Mama hakucheka. Alishika kalamu kwa muda, kisha akasaini.

Nilikuwa nimepima mwishoni mwa kiangazi, wakati ziwa limerudi nyuma kabisa! Mtoto wa Kigoma, nilijua maji hupanda na mvua, ila niliona hatua sabini zinatosha. Sikutaka kuona kwamba kila mwaka yalikuwa yakipanda zaidi na kurudi kidogo. Tukahamia, na mwezi wa nne maji yakafika chooni. Wa tano yakaingia jikoni. Mwaka uliofuata ukuta mmoja ukaanguka, tukaokoa milango na bati, basi.

Wakati wa kuhamisha vitu ndipo nilipofungua bahasha aliyotukabidhi Bi Zuhura siku ya kusaini. Ndani kulikuwa na karatasi ya mauziano ambayo yeye mwenyewe alinunulia kiwanja hicho zamani. Upande wa magharibi hapakuandikwa ziwa. Paliandikwa jina la mtu. Zamani, kati ya zile hatua zangu sabini na maji kulikuwa na kiwanja kizima cha mtu, na kilikuwa kimeshamezwa! Mimi, mhoji wa kila kitu, nilikaa na bahasha ile bila kuisoma...

Mama sasa yuko Njombe, kwa mjane wa kaka yake, analala chumba kimoja na wajukuu wa watu. Baridi inamtesa magoti. Nikimpigia, huniuliza kama nimekula. Hajanilaumu hata siku moja.

Wasomaji wenzangu, mkipata nyumba mnayoihitaji, penye watu wanaowajua, na uwezo mnao, msingoje bei ishuke. Na mkikuta bei inaporomoka, kaeni na yule anayeondoka mpaka aseme kwa nini anaondoka. Nawasihi, msimtumie mzazi kuthibitisha akili zenu. Mimi sina kiinua mgongo cha pili cha kumpa Mama.

Mwaka huu nilikutana na Bi Zuhura soko la Ujiji. Nilikuwa tayari kumtukana. Akaniambia taratibu kwamba siku mbili kabla ya kusaini, Mama alimwendea peke yake kumuuliza kuhusu maji, naye alimweleza yote, hakuficha kitu. Mama alimshukuru, akasimama, akasema, "Nikiikataa hii, mwanangu atajua nimeacha kumwamini."