Aproni ya Cheche

Siku walipokutana, bomba la chuma lilitoboa gauni la bibi harusi.

Soko lilikuwa limefurika. Cheche alikuwa anapenya katikati ya watu na mabomba mawili begani, ovaroli imejaa madoa ya rangi, kitambaa chekundu kichwani. Kizunguzungu chake cha siku zote kikamjia, akayumba, akageuka ili ashike nguzo. Ncha ya bomba ikazama kwenye mfuko wa nailoni aliokuwa ameubeba kijana mmoja mwembamba, ikatokea upande wa pili na kipande cha lesi nyeupe.

"Dada! Simama hapo hapo!" kijana alipiga kelele. "Usivute. Ukivuta umeniua."

"Na wewe, gauni linabebwa hivyo sokoni?"

"Na bomba linabebwa vipi, kama mwavuli?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Aliinama akaanza kuichomoa lesi kwenye chuma uzi kwa uzi, bila haraka, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Cheche aliviangalia vidole vile mpaka akasahau kuomba radhi.

"Nitakutengenezea stendi ya kutundikia magauni," alisema mwishowe. "Ya chuma. Uache kuyabeba kama kuni."

"Kwani wewe ndiye unayechomelea?"

"Ovaroli hii unafikiri naenda nayo disko?"

Stendi ikatengenezwa, ikapakwa rangi nyeusi, ikafikishwa dukani kwake, juu ya ngazi chache. Kazi ikaisha, safari za Cheche kwenda dukani zisiishe. Alimwita kijana Sindano kwa wembamba wake, na yeye akaitikia kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

"Umefika wapi, mpenzi?" Sindano alikuwa akiuliza kwenye simu.

"Niko chini hapa. Napumzika kidogo kwenye ngazi."

"Ngazi zenyewe hazifiki kumi! Kobe angeshafika, akachemsha chai, akakuita uje unywe."

"Polepole ndio mwendo, mume wa watu."

"Mume wa watu gani? Nani mwingine atamtaka mtu mwenye miguu kama hii?"

Wakacheka, maskini, bila kujua wanachokicheka. Hakuna aliyejua. Mafundi wenzake walisema binti ana uvivu siku hizi. Mama yake alisema amerithi usingizi wa baba. Baba naye alikuwa fundi wa kuchomelea. Ndiye aliyemfundisha kushika moto, akamwachia karakana na mashine. Alfajiri moja aliamshwa asiamke, na watu wakasema ni uchovu wa kazi.

Kisha Cheche akaanguka karakanani, kofia ya kuchomelea ingali usoni. Mama hakusikiliza hoja, alimshika mkono mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mama mpole mwenye sauti ya chini. Alimbandika nyaya kifuani, akaitazama karatasi ya mapigo kwa muda mrefu kuliko Cheche alivyopenda.

"Moyo wako unapiga polepole mno, binti. Na mara nyingine unasita kabisa kabla ya kuendelea. Tutakuwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, hapa chini ya bega la kushoto. Moyo ukisahau, chenyewe kinaukumbusha."

"Halafu narudi kazini lini?"

"Kazi gani?"

"Nachomelea vyuma."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Umeme wa mashine ile unaweza kukivuruga kifaa. Kuchomelea siwezi kukuruhusu tena."

"Na nisipowekewa?"

"Kuna siku utasita, usiendelee."

Nje, Cheche alimwapisha mama yake asimwambie mtu yeyote habari za moyo ule. Mama aliapa huku analia. Binti akaenda moja kwa moja karakanani, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda.

Akamkuta Sindano anamsubiri. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kifurushi mkononi. Alikifungua mwenyewe kwa kukosa subira. Ilikuwa aproni ya ngozi, rangi ya kahawia, imekatwa kwa mabega ya Cheche, mishono miwili miwili, na mfuko wa chaki kifuani.

"Nimeishona kwa mkono," alisema. "Cherehani ilishindwa na ngozi. Sikiliza, mpenzi. Wenzangu huposa kwa pete. Nikawaza, pete utaivua kila ukivaa glavu. Hii hutaivua."

Cheche aliitazama aproni. Siku nyingine yoyote angerukaruka. Siku hiyo aliona kana kwamba dunia imekaa kikao ikaamua kumcheka.

"Siitaki," alisema. "Mpelekee mwingine."

"Mwingine nani?"

"Utakayempata. Mimi nina mtu."

 Sindano aliikunja ile aproni vizuri, kona kwa kona, akaiweka juu ya mashine, akaondoka. Alipiga simu jioni ile na siku zilizofuata. Cheche aliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza, na siku ilipoacha kuita kabisa, aliumia kuliko alivyotarajia.

Hospitali hakurudi. Alivaa ovaroli yake kuukuu akachomelea madirisha, vitanda, mageti. Usiku aliogopa kulala, mchana alisinzia. Mikono ilikuwa baridi hata karibu na moto. Mama alimsihi mpaka akachoka, akanyamaza, akawa anakaa mlangoni pa chumba chake akisikiliza pumzi. Uzuri wa Cheche ulimtoka, akabaki macho tu.

Asubuhi moja, akiwa amekaa chini mbele ya geti lisilokwisha, aliona viatu vilivyojaa vumbi vimesimama kando yake. Aliinua kofia. Sindano alikuwa amekonda, na kwake yeye hilo si jambo dogo.

"Mama yako alikuja dukani," alisema. "Aliomba nimkatie kitambaa cheupe. Nikamuuliza cha nini, akasema ameapa kutosema. Akasema tu nikate kwa vipimo vyako, kwa kuwa ninavyo."

Cheche aliviangalia vile viatu vyenye vumbi.

"Nilishika mkasi, Cheche. Nilishika mkasi ndipo nikaelewa kitambaa kile ni sanda." Aliangaza macho kote karakanani. "Huyo mtu wako yuko wapi? Nimemchukia miezi yote hii. Nataka nimwone."

"Hayupo. Ni moyo. Unasita."

Akamweleza yote: kifaa, umeme, baba aliyelala asiamke. Machozi yalimtoka yakachora mistari kwenye masizi ya mashavu.

"Mashine hii ni ya baba. Moto huu ndio ninaoujua. Nikiuacha, nabaki nani?"

Sindano aliketi chini na suruali yake safi. 

"Sijui," alisema. "Siwezi kukudanganya, sijui utabaki nani. Lakini huyo atakayebaki nataka nimwone. Huyo mwingine, wa kitambaa cheupe, simtaki."

Cheche alilia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu mlango wa daktari. Sindano alimwacha alie. Mapaja yao yalikuwa yamegusana, na hilo lilitosha.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa kitambaa chekundu. "Geti limebaki kona moja."

"Una hakika?"

"Nimekaa chini. Nikianguka sina pa kuangukia. Nishike mgongo."

Aproni ilikuwa bado juu ya mashine, imekunjwa kona kwa kona, vumbi juu yake. Aliikung'uta, akaivaa. Ilimkaa barabara. Akashusha kofia, Sindano akageuza uso pembeni na kuweka kiganja mgongoni pake, na cheche zikaruka. Alikwenda taratibu kama alivyofundishwa na baba, mpaka mshono wa chuma ukakutana na mwanzo wake.

Kisha akazima mashine. Mlio wake aliousikia tangu utotoni ukakatika, na karakana ikawa kimya. Akafungua kamba za aproni.

"Ulisema sitaivua," alisema.

"Nilisema mengi." Sindano aliipokea aproni, akaitundika msumarini. Kisha akavua futi shingoni. "Hicho kifaa kinawekwa upande gani?"

"Kushoto. Hapa."

Aliweka vidole viwili pale alipoonyeshwa, chini ya bega, akapima mpaka shingoni, akapima mpaka kwapani, midomo ikihesabu bila sauti.

"Unafanya nini?"

"Mshono usije ukapita juu ya kidonda. Nitaanzia bega la kulia."

"Mshono wa nini?"

"Wa gauni," alisema Sindano, vidole vyake vikiwa bado palepale, vikisubiri pigo linalofuata.